Kuacha Pombe Ukiwa na Wenzako: Mwongozo Kamili wa Vikundi vya Kusaidiana

Wengi wanaoteswa na pombe wameshaiacha, tena zaidi ya mara moja. Wameiacha baada ya kulazwa, wameiacha mbele ya wazazi, wameiacha kwa kiapo mbele ya kiongozi wa dini. Ugumu huja baadaye, mwili ukishatulia, pale mshahara unapoingia au ugomvi unapozuka nyumbani, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia "hamu imenishika" bila kuhukumiwa. Mwongozo huu ni wa kipindi hicho: namna ya kuwapata wenzako, kukaa nao, kuwategemea na kutegemewa nao, na kuanzisha kikundi pale ambapo hakipo.

Ninachoamini nitakisema mapema. Mkutano wenyewe ni sehemu ndogo ya dawa. Sehemu kubwa iko kati ya mkutano mmoja na mwingine: simu inayopigwa kabla ya glasi ya kwanza, mwenzako anayekungoja mlangoni, kazi ndogo uliyopewa ambayo usipoifanya wengine watakwama. Anayekuja kuketi nyuma na kutoweka mara kikao kinapofungwa anaondoka na sehemu ndogo tu ya msaada uliopo.

Kwa nini anayesaidia naye husaidika

Mei 1935, dalali wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, Ohio, nchini Marekani, kwa biashara iliyomharibikia. Alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Peke yake hotelini, karibu na baa, hamu ikampanda. Akaenda kwenye simu na kuanza kuwapigia viongozi wa makanisa, akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Alielekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa ameshindwa kuacha licha ya elimu yake yote ya tiba. Daktari alikubali kutoa dakika 15 tu. Wakazungumza kwa saa nyingi, hadi usiku.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Wilson hakumpigia mtu wa kumwokoa yeye. Alimtafuta mgonjwa mwenzake. Miezi iliyotangulia alikuwa amewafuata walevi wengi New York na hakuna aliyeacha kwa sababu yake, ila yeye mwenyewe hakunywa wakati wote huo. Kutokana na wawili hao kulizaliwa Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, na tarehe yake ya kuzaliwa huhesabiwa kuwa 10 Juni 1935, siku Dkt. Bob aliyokunywa kwa mara ya mwisho.

Wanaotaka ushahidi wa kitafiti nao wanao. Mwaka 2020, mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Kwa kigezo cha kukaa bila kunywa kabisa, programu zenye utaratibu maalumu wa kumwingiza mtu AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, zikiwemo za ushauri nasaha. Hilo halimaanishi kwamba kikundi kinamfaa kila mtu, wala kwamba hospitali haina kazi. Linamaanisha kwamba kusaidiana kunastahili kupewa uzito uleule tunaoupa matibabu.

Tanguliza usalama wa mwili

Hapa naomba usiruke hata mstari mmoja. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikatishe pombe ghafla akiwa peke yake. Dalili za mwili kuidai pombe huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho: mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Wengine hupata degedege, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo. Wachache, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, hupata homa na huona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua.

Kwa hiyo, kama umewahi kupata degedege ulipoacha, kama asubuhi hutulii mpaka unywe, au kama una ugonjwa wa ini au ni mjamzito, anza na daktari na umwambie kiasi halisi unachokunywa. Kuna dawa za kuutuliza mwili kwa siku hizo, na kuna vitamini B1, inayolinda ubongo wa mtu ambaye kwa muda mrefu pombe imechukua nafasi ya chakula. Usijitafutie dawa hizo mwenyewe, wala usizipokee kwa mwanakikundi. Kazi ya wenzako siku hizo ni kukusindikiza hospitali, kukaa nawe na kukulindia siri.

Kupata kikundi kinachokufaa

Aina ni kadhaa. AA hufuata hatua 12 za kupona na huzungumzia nguvu iliyo kuu kuliko sisi, ambayo kila mtu huielewa kwa imani yake. Sharti la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha kunywa, na hakuna ada. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, haitumii lugha ya kiroho. Hufundisha mbinu za kuzitawala fikra na hamu. Vipo pia vikundi vya wanawake peke yao, vya misikiti na makanisa, na vinavyoendeshwa na vituo vya tiba. Ukiwa mbali na vyote, mikutano kwa njia ya simu na intaneti ipo karibu saa zote za mchana na usiku, na kwa mtu anayeamka saa nane za usiku akiwa na kiu, huo ni msaada mkubwa.

Nenda vikundi tofauti kabla ya kusema havikufai. Kila kikundi kina tabia yake, hata vinavyofuata utaratibu uleule. Angalia mambo machache. Je, kuna watu waliokaa miaka bila pombe na bado wanakuja? Je, mgeni anasemeshwa? Je, wanacheka? Nauliza la kicheko kwa dhati, kwa kuwa mahali ambapo watu wamepona kweli kicheko hakikosekani, hata habari zinazosimuliwa zikiwa nzito.

Ondoka haraka mahali unapodaiwa fedha ili usaidiwe, unapokatazwa kwenda hospitali, au unapoambiwa uache dawa za mfadhaiko, kifafa au dawa nyingine uliyoandikiwa. Hakuna mwanakikundi mwenye mamlaka juu ya dawa zako. Hata zile za kupunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni, ni kati yako na daktari.

Mkutano wako wa kwanza

Fika mapema kidogo, ingawa moyo utakutuma uchelewe ili usionekane. Anayefika mapema hupokewa na mtu mmoja kwa utulivu. Anayechelewa huingia macho ya chumba kizima yakimwangalia. Mwambie wa kwanza utakayemwona kwamba ni mara yako ya kwanza. Hilo linatosha, na mengine watayabeba wao.

Si lazima uongee. Ukifikiwa na zamu unaweza kusema jina lako na kwamba leo utasikiliza tu. Jina la kwanza pekee linatosha. Unaposikiliza, tafuta unapofanana na msemaji, maana akili ya mlevi ni hodari wa kutafuta tofauti: "Mimi sijawahi kufukuzwa kazi kama huyu, mimi sijalala mtaroni kama yule, basi sijafika huko." Waachie mambo ya nje. Sikiliza anavyoeleza kuficha chupa, kuahidi na kuvunja, aibu ya asubuhi. Hapo ndipo utakapojikuta.

Siku utakapozungumza, sema la leo. Huna haja ya kuhutubia wala kupamba. "Jana nilipita mbele ya baa, nikasimama, na bado naogopa" ni mchango kamili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa ugonjwa huu msemo huo ni kweli tupu, kwa sababu pombe hustawi mahali pa siri.

Kabla ya kuondoka fanya jambo moja: omba namba za simu. Usizisubiri.

Simu kabla ya glasi

Sehemu hii ningependa ikae kichwani kuliko nyingine zote.

Namba ulizoandika hazina faida kama utazipiga kwa mara ya kwanza siku ya hatari. Siku hiyo simu itakuwa nzito mkononi. Utajiambia mtu huyo ana shughuli, humfahamu vizuri, utamsumbua. Basi zoeza mkono wako mapema. Kwa wiki za mwanzo piga simu moja kila siku, hata kama huna shida: "Nimepiga tu kukusalimu, leo sijanywa." Dakika mbili zinatosha. Siku hamu itakapopanda kweli utakuwa unampigia rafiki.

Uwe na namba kadhaa, kwa kuwa wa kwanza huenda asipokee. Asipopokea, mpigie wa pili, kisha wa tatu. Ujumbe wa maandishi ni bora kuliko kimya, lakini sauti ina nguvu zaidi, kwani mtu aliyepitia hayo ataisikia hofu ambayo wewe hukuiandika. Na akipokea, sema neno lenyewe mwanzoni: "Nataka kunywa." Wengi huzungumzia hali ya hewa kwa dakika kumi, wakaaga, kisha wakaenda kunywa.

Hamu kali huja kama wimbi. Hupanda, hufika kilele, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Unachohitaji kutoka kwa mwenzako ni kuvushwa muda huo. Ukiwa unazungumza, tembea, toka mahali ulipo, kunywa maji, kula. Vikundini kuna maswali manne ya kujiuliza: Nina njaa? Nina hasira? Nina upweke? Nimechoka? Mara nyingi unachokiita kiu ya pombe ni mojawapo ya hayo manne, na kila moja lina tiba isiyo ya chupa.

Na wewe unayepigiwa? Usihubiri. Usiseme "kuwa na nguvu." Uliza: uko wapi, uko na nani, umekunywa tayari? Kisha msaidie apange saa moja ijayo, si maisha yake yote. Mnaweza kukubaliana aondoke hapo sasa, akupigie tena akifika nyumbani. Akiwa ameshalewa, mazungumzo marefu hayana faida. Hakikisha yuko salama, haendeshi gari, na mwambie utampigia kesho asubuhi. Kisha mpigie kweli.

Jambo moja linavuka mipaka ya siri. Akisema anataka kujiua au kumdhuru mtu, usilibebe peke yako. Mwite mtu wa karibu naye, mpeleke kwa wahudumu wa afya, na usimwache peke yake mpaka msaada ufike.

Kumchagua mlezi

Katika vikundi vingi mgeni humwomba mmoja wa wakongwe amshike mkono kwa karibu. Wengine humwita mlezi, wengine sponsa. Huyu si daktari, si mkopeshaji, si bosi wako. Ni mtu aliyepita njia hiyo na yuko tayari kukuonyesha alivyoipita.

Mchague kwa jinsi anavyoishi, usivutwe na ufasaha wake peke yake. Awe na angalau mwaka bila pombe, awe na mlezi wake mwenyewe, na asiwe mtu mnayeweza kuvutiana kimapenzi. Ndiyo maana kwa kawaida wanaume hulelewa na wanaume na wanawake na wanawake. Kumwomba ni rahisi: "Naomba unisaidie kwa muda, tuone kama itafaa." Kubalianeni mtazungumza mara ngapi na saa zipi asizoweza kupokea simu. Mkiona hamwendani, badilisha bila uadui.

Mapenzi mapya kati ya mgeni na mwanakikundi mwingine huvunja watu wote wawili, na mgeni ndiye huumia zaidi. Wakongwe wana wajibu wa kumlinda. Nimeona vikundi vinavyolinyamazia jambo hili kwa kuogopa kumuudhi mtu mwenye jina, na naliona kuwa kosa zito. Mgeni akilalamika kwamba anafuatwafuatwa, asikilizwe siku hiyohiyo.

Mikopo nayo ni vivyo hivyo. Msaidiane kwa chakula, kwa usafiri, kwa kutafutiana kazi. Fedha mkononi mwa mtu wa wiki ya kwanza ni mtihani ambao hakuuomba.

Pokea kazi ndogo

Panga viti. Chemsha chai. Simama mlangoni uwapokee watu. Utaambiwa mapema, pengine wiki ya pili, na utadhani ni kazi tu. Lakini anayeshika ufunguo wa chumba hawezi kukosa bila mtu kumuuliza, na mtu aliyeambiwa kwa miaka kwamba hategemeki anaanza kuona wengine wakimtegemea. Hata ukiwa na siku tano bila pombe, kuna mwenye siku moja anayekuhitaji, na wewe unaikumbuka siku ya kwanza kuliko mkongwe wa miaka ishirini.

Mtu anapoteleza

Dkt. Bob mwenyewe aliteleza. Baada ya kukutana na Wilson alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akanywa, akarudi hoi, na Wilson akampokea. Kama angefungiwa mlango siku hiyo, 10 Juni isingekuwa na maana yoyote.

Ukiteleza, rudi kwenye mkutano unaofuata, hata kama umevaa nguo za jana. Aibu itakuambia usubiri mpaka uwe na siku kadhaa safi za kuonyesha. Usiisikilize, maana wengi waliosubiri hivyo hawakurudi kabisa. Kumbuka pia kwamba baada ya muda bila pombe mwili hauhimili kiasi kile cha zamani, na ikiwa umekunywa mfululizo kwa siku nyingi, hatari za kukatisha ghafla zinarudi. Rudi kwa daktari pia.

Kwa wanakikundi: mkaribisheni kama alivyokaribishwa siku ya kwanza. Msimhoji mbele ya watu. Baadaye, faraghani, mlezi wake arudi naye nyuma polepole kutafuta pale mambo yalipoanzia, kwani kuteleza huanza kabla ya glasi: mikutano iliyokosekana, simu zisizopigwa, kinyongo kilichofichwa, rafiki wa zamani aliyetembelewa "kumsalimu tu." Anayekuja kikaoni akiwa amelewa anaweza kuketi na kusikiliza bila kuchangia. Akishindwa kutulia, wawili wamtoe nje kwa upole na wakae naye.

Nyumbani

Mke, mume, wazazi na watoto wameumizwa na wana haki ya msaada wao wenyewe. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili yao, na miongoni mwa waanzilishi ni Lois Wilson, mke wa Bill. Humo familia hujifunza kuacha kuhesabu chupa, kuacha kulipa madeni ya mlevi kwa siri, na kuanza kuishi tena, awe ameacha au hajaacha. Wewe unayepona, usidai uaminiwe baada ya wiki mbili. Waambie unapokwenda, rudi saa uliyosema, na uwaache wapone kwa mwendo wao.

Pasipo na kikundi, anzisheni

Watu wawili wanatosha. Tafuteni chumba kisichohusiana na pombe, siku moja na saa ileile kila wiki, na msibadilishe ovyo. Mtu aliyechanganyikiwa lazima ajue mko pale. Saa moja inafaa.

Mwenyekiti wa siku afungue kwa maneno yaleyale kila mara, kwa mfano: "Tuko hapa kusaidiana kukaa bila pombe. Hakuna ada. Tunayoyasikia hapa na tunaowaona hapa tunawaacha hapa. Kila mmoja atazungumza kwa dakika chache kuhusu maisha yake, na hatutamkatiza wala kumpa ushauri asioomba." Kisha mmoja asimulie kwa takriban dakika 15: alivyokuwa, kilichotokea, alivyo sasa. Zinazobaki ni zamu fupi za wengine. Kukatazana kujibizana huonekana kugumu mwanzoni, lakini ndiko kunakomfanya mtu mwoga athubutu kufungua mdomo.

Gharama zitoke kwa michango ya hiari ya wanachama wenyewe. Fedha zishikwe na wawili, hesabu isomwe hadharani, na akiba isiwe kubwa. Nyadhifa zizunguke kila baada ya miezi michache, akiwemo mwanzilishi, ambaye mara nyingi ndiye hukataa kuachia.

Na msiingize jambo jingine. Huko Baltimore, Marekani, mwaka 1840, wanywaji sita waliokutana katika kilabu cha pombe waliapa kuacha na wakaanza kusaidiana. Chama chao cha Washingtonian kilisambaa haraka hadi kuvuta umati mkubwa, lakini kikajiingiza katika mabishano ya siasa na mageuzi ya jamii, na ndani ya miaka michache kikawa kimedhoofika vibaya. Miaka mingi baadaye AA ilikubali taratibu zake 12 za kulinda vikundi, huko Cleveland mwaka 1950. Zinataka kikundi kiwe na kazi moja tu, kisiingilie mabishano ya nje na kijitegemee kwa fedha zake. Kwa hiyo mwanasiasa akitaka kuwajengea ukumbi, mshukuruni na mkatae.

Wiki za mwanzo huenda mkabaki wawili. Kaeni saa nzima hata hivyo. Waelezeni wahudumu wa afya, viongozi wa dini na polisi siku na mahali mnapokutana, na ombeni ruhusa ya kuwatembelea wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya pombe, mkienda wawili wawili. Mkizidi watu ishirini hivi, zamu hazitatosha na wageni wataanza kujificha nyuma. Hapo fungueni kikundi cha pili kwa siku nyingine, na wakongwe wagawanyike, wasibaki wote katika chumba cha zamani.